Dag Hammarskjöld: Mswidi aliyerithi kambi ya ndege ya Kamina, akafa akiikwepa ndege moja

KAMINA, Haut-Lomami – Mtoto wa Kamina hukua akisikia mambo mawili: treni na Base. Treni ndiyo iliyozaa mji. Reli ya BCK ilipita hapa katika miaka ya 1920 ikitoka Bukama kwenda Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, na mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo lilipokamilika, Kamina ikawa njia panda ya reli ya Kongo. Lakini jina la Kamina halikufika New York kwa treni. Lilifika kwa sababu ya ile kambi ya ndege iliyo zaidi ya kilomita 20 mashariki ya mji, na mtu mmoja aliyelala usiku mwingi akiifikiria alikuwa mzungu mwembamba kutoka Uswidi, asiyekuwa na mke wala mtoto: Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa, ONU.

Kila mwaka usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba hutajwa jina lake. Wengi wetu tunajua tu kwamba ndege yake ilianguka Ndola, ng'ambo ya mpaka. Wachache wanajua namna gani maisha yake yalivyofungamana na Base yetu, na kwamba pengine angefika salama kama Base hiyo ingekuwa na ndege za kivita majuma machache mapema.

Kwanza Base yenyewe. Mwezi Mei 1940 Ujerumani iliipiga Ubelgiji na kuishinda kwa siku 18. Serikali ya Ubelgiji ikakimbilia London, na kitu pekee kikubwa kilichobaki mikononi mwake kilikuwa Kongo, pamoja na shaba, dhahabu na urani yake. Vita ilipokwisha, wakubwa wa Brussels hawakusahau. Waliogopa kwamba safari ijayo watakuja Warusi, na kwamba jeshi lao litahitaji mahali pa kurudi nyuma na kujipanga upya, mbali na bahari na mbali na mipaka. Uwanda wa Kamina, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ulifaa. Kiangazi anga yake ni safi kwa miezi mfululizo. Basi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 palijengwa njia za kurukia ndege, mahangari, nyumba, hospitali na barabara, na Base ikapewa jina la kifupi BAKA. Marubani wachanga wa Ubelgiji walimalizia mafunzo yao hapa, wakiruka na ndege za Harvard, zile zenye injini moja na kelele nyingi. Kwa mji mdogo wa reli hiyo ilikuwa neema: waashi, wapishi, madereva, mafundi, wote walipata kazi. Ilikuwa pia kijiji cha wazungu chenye silaha, kilichokaa kando ya mji wa Waafrika bila kuwauliza kitu.

Wakati Base inajengwa, Hammarskjöld alikuwa mtumishi wa serikali huko Stockholm na hakuna aliyemjua nje ya Ulaya. Alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping, wa mwisho kati ya ndugu wanne wa kiume. Baba yake, Hjalmar, alikuwa Waziri Mkuu wa Uswidi wakati wa vita kuu ya kwanza, na pia gavana wa jimbo la Uppsala, na familia ilikaa katika ngome ya kale inayoutazama mji huo wa chuo kikuu. Ukoo wao ulikuwa wa askari na watumishi wa serikali upande wa baba, wa wachungaji na wasomi upande wa mama. Kijana alisoma lugha, falsafa, uchumi na sheria. Akiwa na umri ambao wengine wanatafuta kazi ya kwanza, yeye alikuwa tayari katibu wa juu katika wizara ya fedha, na kuanzia 1941 hadi 1948 aliongoza baraza la Benki ya Uswidi. Hakujiunga na chama chochote cha siasa. Jioni alisoma mashairi na kuyafasiri. Likizo yake ilikuwa kupanda milima ya kaskazini, kule Lapland, akiwa na mfuko mgongoni.

Aprili 1953 mataifa makubwa yalikuwa yamekwama. Trygve Lie wa Norvège, Katibu Mkuu wa kwanza, alikuwa amegombana na Warusi juu ya vita ya Korea, na kila jina lililopendekezwa lilikataliwa na upande mmoja au mwingine. Jina la Hammarskjöld lilipita kwa sababu lilionekana halina madhara. Alikuwa na miaka 47. Walidhani wamechagua karani mzuri wa kushika vitabu vya hesabu, na kosa hilo waliligundua pole pole.

Mara ya kwanza ilikuwa Januari 1955, alipokwenda Peking yeye mwenyewe kuzungumza na Waziri Mkuu Zhou Enlai juu ya marubani na askari wa anga wa Marekani waliofungwa China baada ya ndege zao kuangushwa. China wakati huo haikuwa hata na kiti chake katika ONU. Alirudi mikono mitupu, magazeti ya Marekani yakamcheka, na miezi michache baadaye wafungwa wakaachiliwa. Mara ya pili ilikuwa Suez, 1956. Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliishambulia Misri, na Hammarskjöld pamoja na Lester Pearson wa Canada wakaunda kwa siku chache kitu ambacho hakikuwahi kuwapo: jeshi la ONU la kukaa katikati ya wagomvi. Kofia za askari hao zilipakwa rangi ya buluu ili wasifananishwe na Waingereza na kupigwa risasi. Hapo ndipo zilipoanzia zile kofia ambazo leo mtoto wa Goma, Bunia au Beni anazijua kuliko anavyoijua bendera ya jirani.

Mwishoni mwa 1959 na mwanzoni mwa 1960 alizunguka zaidi ya nchi 20 za Afrika, akapita hata Léopoldville. Aliona uhuru unakuja kwa mbio na akataka ONU iwe tayari na wataalamu, walimu, watu wa fedha. Kwa Kongo matayarisho hayo hayakutosha hata kidogo.

Yaliyofuata tunayajua, lakini yafaa kuyapanga. Tarehe 30 Juni 1960, uhuru. Siku moja tu kabla, tarehe 29, mkataba wa urafiki kati ya Kongo na Ubelgiji ulikuwa umetiwa sahihi, na ndani yake Ubelgiji ilijiwekea haki ya kubaki na kambi zake za Kamina na Kitona. Bunge la Kongo halikuuthibitisha mkataba huo kamwe. Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique waliasi dhidi ya maofisa wao wazungu. Tarehe 10 Julai makomando wa miavuli wa Ubelgiji walifika Élisabethville, wakitokea Kamina. Zile Harvard za mafunzo zilifungwa silaha. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Yaani Base iliyojengwa kwa kuwaogopa Warusi ilipopata vita yake ya kwanza, vita hiyo ilikuwa dhidi ya nchi iliyoizunguka.

Rais Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba waliiomba ONU msaada. Usiku wa 13 kuamkia 14 Julai Baraza la Usalama likaamua: Ubelgiji iondoe askari wake, na Hammarskjöld aisaidie serikali ya Kongo. Ndani ya siku chache askari kutoka Tunisia, Ghana, Maroko na Ethiopia walikuwa wanashuka kwenye viwanja vya ndege vya Kongo. Hakuna aliyewahi kufanya kazi hiyo kwa haraka namna ile.

Katanga ilikuwa jambo lingine. Tarehe 12 Agosti Hammarskjöld alipanda ndege mwenyewe kwenda Élisabethville, akiongozana na ndege nyingine zilizobeba askari wa Uswidi. Uwanja wa Luano ulikataa. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe, hakutaka zile ndege za askari zitue. Ilibidi mazungumzo yafanyike Katibu Mkuu akiwa bado angani, naye akang'ang'ania kwamba zote zitatua au zote zitarudi. Zilitua. Tshombe alimngojea chini pamoja na bendera na wimbo wake wa taifa.

Lumumba alikasirika vikali, na kwa haki yake. Waziri Mkuu wa nchi hakuulizwa, hakualikwa, na askari waliochaguliwa walikuwa wazungu. Kwa macho yake, ONU ilikuwa imemtembelea mwasi nyumbani kwake kabla ya kumwona mwenye nchi. Hammarskjöld alisimama juu ya sheria: ONU haiwezi kuwa silaha ya upande mmoja katika ugomvi wa ndani. Walivunjika hapo, na hawakupatana tena. Wote wawili wakafa kabla ya miezi 14 kupita, mmoja karibu na Élisabethville, mwingine ng'ambo ya mpaka wa jimbo hilo hilo.

Katika majuma hayo ya Agosti suala la Base lilikuwa mezani kwake karibu kila siku. Ubelgiji ilisema Kamina ni mali yake, imelipa kila tofali. Lumumba alisema ardhi ni ya Kongo na mkataba ni karatasi isiyothibitishwa. Tshombe alitaka Base ibaki ndani ya Katanga yake. Na kulikuwa na jambo ambalo wanasiasa hawakulisema sana: watu wa kawaida waliokula kwa kazi ya Base. Wazungu wakiondoka ghafla, nani atalipa mishahara, nani ataendesha maji na umeme? Hammarskjöld alipata njia ya kati, ya kisheria kama kawaida yake. ONU ingeishika Base kwa muda bila kuamua ni ya nani, askari wa Ubelgiji wangeondoka, na hakuna upande wa Kongo ambao ungeitumia kwa vita. Ndivyo ilivyokuwa. Bendera ya Ubelgiji ikashuka, ya buluu ikapanda.

Kwa Wakamina matokeo yalikuwa ya ajabu. Base ilikuwa ya ONU, lakini mji, zile kilomita 20 na kitu, ulibaki chini ya Katanga ya Tshombe. Na katika nchi ya Waluba hilo halikuwa jambo dogo. Jason Sendwe, mwana wa Kabongo na kiongozi wa Balubakat, alikuwa upande wa umoja wa Kongo, na kaskazini ya Katanga ilimfuata. Chifu mkuu Kasongo Nyembo alisimama na Tshombe. Majandarme wa Katanga, wakiongozwa na maofisa wazungu, walichoma vijiji. Vijana wa Balubakat nao waliua kwa mishale, mapanga na bunduki za kienyeji. Tarehe 8 Novemba 1960 kule Niemba vijana hao waliwaua askari 9 wa Ireland waliokuwa wamevaa kofia za buluu. Mtu alitoka nyumbani asubuhi hajui jioni atamkuta nani kwenye kituo cha reli.

Hammarskjöld hana budi kujibu pia kwa habari ya Lumumba, hata akiwa kaburini. Kasa-Vubu alipomfukuza Lumumba tarehe 5 Septemba 1960, mwakilishi wa ONU Léopoldville, Mmarekani Andrew Cordier, alifunga viwanja vya ndege na kuizima redio ya taifa. Kwenye karatasi amri hiyo iliwahusu wote. Kwa kweli ilimfunga mdomo Lumumba peke yake, maana Kasa-Vubu alikuwa na redio ya Brazzaville ng'ambo ya mto. Desemba Lumumba alikamatwa akikimbilia Stanleyville, na kofia za buluu hazikumkinga kwa sababu amri ilikuwa kutokuingilia. Tarehe 17 Januari 1961 alishushwa Luano akiwa amepigwa vibaya, askari wachache wa Uswidi wakiangalia kwa mbali, na usiku huo akauawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mtu aliyeijua sheria kama Hammarskjöld alijua pia mipaka yake. Kwa maoni yetu, hapa aliifuata mahali ambapo alipaswa kuivunja.

Huko New York, Nikita Khrushchev wa Urusi alimtaka ajiuzulu na kazi yake igawiwe watu watatu. Alikataa, na nchi changa za Afrika na Asia zilimpigia makofi, kwa sababu ziliona ofisi hiyo ni ngao yao dhidi ya wakubwa. Februari 1961 Baraza la Usalama lilibadilisha amri: sasa ONU iliruhusiwa kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, kuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe, na mamluki walitakiwa waondoke Katanga.

Mwezi huo huo Tshombe alipokea ndege tatu za Fouga Magister zilizotengenezwa Ufaransa. Fouga ni ndege ndogo ya jeti, nayo pia ya kufundishia marubani, lakini inabeba bunduki mbili na mabomu madogo. Kufikia Septemba moja tu ndiyo iliyoweza kuruka. Ndege moja, na ikatosha kuitia hofu ONU yote, kwa kuwa ONU katika Kongo ilikuwa na maelfu ya askari na ndege nyingi za kubebea mizigo, bila hata moja ya kivita. Hammarskjöld hakuzitaka. Jeshi la amani, aliona, halipaswi kufanana na jeshi la vita.

Tarehe 13 Septemba 1961 alishuka Léopoldville akakuta vita imekwisha kuanza. Alfajiri ile askari wa ONU kule Élisabethville, chini ya mwakilishi wake kutoka Ireland, Conor Cruise O'Brien, walikuwa wameingia posta na redio, na O'Brien alitangaza kujitenga kwa Katanga kumekwisha. Hakukuwa kumekwisha. Mpaka leo wanahistoria wanabishana Hammarskjöld alijua kiasi gani kabla ya kuondoka New York. Kule Jadotville, Likasi ya leo, Wairlandi zaidi ya 150 walizingirwa. Fouga iliwapiga kutoka juu. Iliwapiga ONU Élisabethville. Ikaja mpaka Kamina, ikaishambulia Base na ndege zilizokuwa chini, wakati majandarme nao wakijaribu kuingia kwa ardhi na kurudishwa nyuma na walinzi wa ONU. Uwanja uliojengwa kwa fedha nyingi uwe ngome ya anga ya Afrika ya kati ukashindwa kujikinga na ndege moja ya mafunzo.

Msaada ulikuwapo. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alikuwa amekubali kutoa ndege zake za jeti. Lakini kutoka Ethiopia mpaka Kongo zilipaswa kupita na kujaza mafuta katika makoloni ya Uingereza, Afrika ya Mashariki, na ruhusa ya London ilichelewa. Ilipokuja, haikuwa na faida tena.

Hammarskjöld aliamua kumwona Tshombe uso kwa uso, na mahali palipokubaliwa palikuwa Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Jumapili tarehe 17 Septemba, siku ile ile Wairlandi wa Jadotville waliposalimisha silaha baada ya kuishiwa maji na risasi, alipanda ndege aina ya DC-6B iliyoitwa Albertina. Asubuhi ile ndege hiyo ilikuwa imepigwa risasi ikiondoka Élisabethville, mafundi wakaikagua na kuitengeneza. Ndani walikuwa watu 16: yeye, wasaidizi, walinzi na wafanyakazi wa ndege, wengi wao Waswidi.

Njia fupi ya kwenda Ndola ilikata katikati ya Katanga. Hawakuithubutu, kwa sababu ya Fouga. Albertina iliondoka Léopoldville mangaribi, ikaenda mashariki mpaka upande wa Ziwa Tanganyika, kisha ikageuka kusini ikiambaa nje ya mpaka, redio kimya karibu safari nzima. Ulikuwa mzunguko mkubwa sana, saa nyingi za giza, kwa ajili ya kukwepa ndege moja.

Baada ya saa sita ya usiku kidogo, ilipita juu ya uwanja wa Ndola, rubani akaongea na mnara, akaona taa. Halafu kimya. Uwanjani alikuwapo balozi wa Uingereza, Lord Alport, ambaye alisema Katibu Mkuu lazima ameamua kwenda kwingine. Taa zikazimwa, watu wakaenda kulala. Ndege ilikuwa imeanguka msituni, kiasi cha kilomita 15 tu kutoka hapo. Haikupatikana kwa wazungu mpaka alasiri ya siku iliyofuata. Wote walikuwa wamekufa isipokuwa mlinzi mmoja Mmarekani, Harold Julien, aliyekuwa ameungua, akalala juani saa zote hizo, na kufa hospitalini siku chache baadaye. Hammarskjöld hakuungua. Alikutwa ameegemea kichuguu, kimoja cha vile vichuguu vikubwa vilivyojaa nchi yetu yote ya Katanga na Copperbelt.

Alizikwa Uppsala tarehe 29 Septemba 1961, karibu na ndugu zake. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel ya amani, heshima ambayo karibu haijatolewa kamwe kwa mtu aliyekwisha kufa. Nyumbani kwake New York ilikutwa miswada ya maandishi ya siri, ya maombi na mashaka ya moyo, iliyochapishwa baadaye ikawashangaza hata marafiki: hakuna neno ndani yake juu ya Peking, Suez wala Kongo.

Mwezi Oktoba ndege za kivita zikafika. Uswidi ilileta jeti zake, Ethiopia zake, India ikaleta za mabomu. Zile za Uswidi zilianzia Luluabourg, kisha zikahamia Kamina. Mwishoni mwa Desemba 1962 ziliruka kutoka Base yetu na kuuharibu uwanja wa Kolwezi pamoja na ndege za Tshombe zilizokuwa chini. Tarehe 30 Desemba askari wa Uswidi walitoka Base wakauteka mji wa Kamina. Zile kilomita 20 na kitu, ambazo kwa zaidi ya miaka miwili zilikuwa mpaka kati ya nchi mbili, zikawa barabara tu. Januari 1963 Tshombe alikubali kwamba Katanga imerudi Kongo.

Base haikupumzika. Mwaka 1964 mamluki wa Mike Hoare walijipanga hapo, na Novemba ya mwaka ule ndege za Marekani zilizobeba makomando wa Ubelgiji zililala Kamina kabla ya kuishambulia Stanleyville iliyokuwa mikononi mwa Wasimba. Katika miaka ya 1980 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba silaha za kwenda kwa Jonas Savimbi wa Angola zilipita hapa. Leo askari wa FARDC wanafundishwa pale pale marubani wa Harvard walipofundishwa.

Nini kiliiangusha Albertina? Tume ya wazungu wa Rhodesia ilisema rubani alikosea kimo. Tume ya ONU ya 1962 haikukubali wala kukataa chochote. Tatizo la tume ya Rhodesia lilikuwa masikio yake. Waafrika waliokuwa msituni usiku ule wakichoma makala walisema waliona ndege ya pili, au mwanga angani kabla ya ile kubwa kuanguka. Ushahidi wao uliwekwa kando, wakaonekana ni watu wasioaminika. Karibu miaka 50 ilipita kabla ya watafiti kurudi kwa wale waliobaki, wazee sasa, na kuwasikiliza kwa uzito. Kitabu cha mwanahistoria Susan Williams cha mwaka 2011 kiliamsha jambo, na mwaka 2015 ONU ilimkabidhi uchunguzi Mtanzania, Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa nchi yake. Ripoti yake ya 2017 ilisema inawezekana kabisa kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ndege hiyo kuanguka. Wakati ule wapelelezi wa nchi kadhaa walikuwa wakisikiliza redio za eneo hili.

Baraza Kuu limemwongezea Othman muda zaidi ya mara moja. Anachoomba kila mara ni kile kile: Uingereza, Marekani na Afrika Kusini zifungue makabati ya kumbukumbu za upelelezi za Septemba 1961. Baadhi yamefunguliwa. Mengine bado yamefungwa.